Msituuzie Kumbukumbu

Nimechoka kuambiwa nishukuru. Kila baada ya miaka kadhaa kampuni inachukua gemu ya zamani, inaiosha uso, inabandika maneno marefu nyuma ya jina, halafu sisi mashabiki tunatarajiwa kupiga makofi na kutoa pesa. Leo kesi yangu ni na gemu ninayoipenda kuliko zote: The King of Fighters '98.

Kwa wewe ambaye hukukulia kwa kibanda cha PS, hii ni kazi ya SNK ya Osaka, ya mwaka 1998. Huchagui mpiganaji mmoja. Unachagua watatu, na unapanga nani ataanza na nani atafunga. Anayeshinda raundi anabaki uwanjani na damu aliyobakisha, akiongezewa kidogo tu. Anayeshindwa analeta mwenzake. Na ukicheza mtindo wa Advanced, kila mwenzako anapoanguka, anayefuata anaweza kuweka akiba kubwa zaidi ya nguvu. Kwa hivyo mtu wa mwisho si makombo. Ni hatari. Nimeona Iori wa mwisho akila watatu peke yake, kibanda kizima kimesimama, mwenye kibanda amesahau kudai kumi yake.

Hapo Umoja ndipo mimi na binamu yangu tulijuana kikweli. Nyumbani tulikuwa tu watoto wa mtu na ndugu yake. Kwa kibanda nilijua akikasirika anaruka ovyo, na akinyamaza ana mpango.

Sasa, mwaka 2008 SNK ilitoa '98 Ultimate Match. Wapiganaji 64. Walioachwa nje mwaka 1998, kama Geese Howard, wakarudi. Ukaongezwa mtindo wa kuchanganya Advanced na Extra upendavyo. Mwaka 2014 ikaja Final Edition kwa Steam, nguvu za wapiganaji zimepimwa upya. Sikatai, bana, ni tamu. Lakini hao 64 unacheza na nani?

Hilo ndilo swali ambalo watu wa "toleo lililoboreshwa" hulikwepa. Gemu ya kupigana bila mpinzani ni kama bao bila mtu wa upande wa pili: unasogeza kete, unajisifu, unalala. Na kwa intaneti, Final Edition ilipotoka ilitumia njia ya zamani, ile ambayo kitufe chako kinangoja habari za mwenzako zifike kwanza. Mtandao ukiyumba kidogo, ngumi inatoka ukiwa umeshalala chini.

Dawa ilikuwepo tayari. Mwaka 2006, Mmarekani Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa mashindano ya Evo, aliudhishwa na jinsi Street Fighter II iliyotolewa upya kwa Xbox 360 ilivyocheza mtandaoni. Hakuandika barua ya malalamiko. Alitengeneza GGPO. Mashine inakisia mwenzako atabonyeza nini na kuendelea bila kungoja. Ikikosea, inarudi nyuma kufumba na kufumbua, inajisahihisha. Mashabiki wakaichukua njia hiyo wakaiweka kwa gemu za zamani, na leo Fightcade inakupa '98 ya asili bure, na mtu wa kucheza naye.

SNK ilitoa 2002 Unlimited Match yenye teknolojia ya aina hiyo kwa PS4 mwaka 2021. '98 ikafuata baadaye. Hesabu mwenyewe: miaka 15 tangu Cannon akasirike. Muda huo wote waliolinda uhai wa hizi gemu ni wasee wasiolipwa, na kampuni zikaendelea kutuuzia picha za ukumbusho.

Utaniambia biashara ni biashara, na SNK yenyewe ilifilisika mwaka 2001. Sawa. Utaniambia kupakua gemu bila kulipa ni wizi. Sawa pia, sitajifanya mtakatifu, mimi nililelewa na CD za kuchoma. Lakini usiniambie aliyeiweka gemu kwenye kabati la makumbusho anaipenda kuliko aliyeiacha ichezwe.

Binamu yangu sasa ni mlinzi Doha. Saa za Doha na Nairobi ni zile zile, kwa hivyo akitoka shifti ya usiku mimi nami ndio naamka. Simu zetu hazina maana: "Uko poa?" "Niko poa." Stori imeisha. Lakini tukiingia mtandaoni, raundi ya pili nishajua. Akiruka ovyo, bosi amemuudhi. Juzi hakuruka hata mara moja. Alikuwa mpole, mpole kupita kiasi, akamwacha Daimon wake wa mwisho apigwe bila kujitetea. Nikampigia hapo hapo. Kumbe alikuwa na homa siku ya tatu, na hakuwa amemwambia mtu.

Kwa hivyo, enyi wenye gemu, sihitaji mpiganaji wa 65. Sihitaji picha za michoro ya 1998 wala muziki uliopigwa upya. Wekeni bei ambayo mlinzi anaweza kulipa. Mruhusu wa PS akutane na wa kompyuta. Mtandao mzuri uwepo siku ya kwanza, si baada ya miaka saba ya kuomba.

Msituuzie kumbukumbu. Hizo tunazo. Tuuzieni mpinzani.