Dar Ni Nyumba, Si Bandari

Miongoni mwa makosa yanayorudiwa nchini Tanzania kwa kujiamini kupita kiasi, hakuna linalokera kuliko lile la kueleza kwamba jina la Dar es Salaam lina maana ya "bandari ya salama". Maelezo hayo husikika redioni, hukaririwa na waongoza watalii, hubaki katika madaftari ya wanafunzi bila kutiwa wino mwekundu, na husomwa katika hotuba za ufunguzi na watu ambao, kwa nafasi walizopewa, walipaswa kufungua kamusi kabla ya kupanda jukwaani.

Dar ni nyumba. Katika Kiarabu neno hilo hutaja nyumba, maskani au makao, na salaam ni amani, kwa hiyo jina zima ni Nyumba ya Amani. Bandari ni neno jingine kabisa, lenye asili ya Kiajemi, ambalo lilisambaa kwa biashara ya baharini na ndilo linalosikika hadi leo katika jina la Bandar Abbas, mji wa pwani ya Iran. Wanaodai kwamba Dar ni kifupi cha bandar wangetazama maandishi ya Kiarabu wangenyamaza: dar huandikwa kwa dali, alifu na ree, na alifu hiyo ndiyo inayovuta irabu, ilhali bandar huandikwa kwa bee, nuni, dali na ree, bila alifu yoyote baina ya dali na ree. Hata anayefuta bee na nuni hapati dar, kwa sababu alifu haitoki popote.

Jina hilo lilikuwa na heshima ya karne nyingi kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza, katika miaka ya 1860, kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima. Limo katika Kurani, katika sura ya Al-An'am aya ya 127 na sura ya Yunus aya ya 25, ambako linataja makao ya amani, yaani Pepo. Kudhani kwamba Sultani Mwislamu alilitamka jina la Pepo huku akikusudia gati la kufungia majahazi ni kumvunjia heshima yeye na lugha yake.

Utetezi unaotolewa ni kwamba mji huo una bandari tulivu, yenye mlango mwembamba unaozuia mawimbi ya bahari kuu, na hivyo jina lazima liitaje bandari hiyo. Hiyo si hoja. Casablanca ni mji wa bandari kubwa, nao Waarabu huuita ad-Dar al-Bayda, yaani Nyumba Nyeupe, wala meli zinazotia nanga pale hazijaigeuza nyumba hiyo kuwa bandari. Brunei inalimaliza suala lenyewe: nchi hiyo huitwa rasmi Brunei Darussalam na mji wake mkuu ni Bandar Seri Begawan, kwa hiyo maneno yote mawili yamo katika taifa moja dogo, kila moja na kazi yake, na watu wake hawayachanganyi.

Chanzo cha kosa hakifichiki. Waingereza wana neno la kale, haven, ambalo ni bandari na pia ni kimbilio lolote salama, nao wamezoea kulitumia wanapoeleza jina la Dar es Salaam. Mfasiri mvivu akaiacha maana ya kimbilio, akachukua ile ya meli na gati. Ndivyo jina la Kiarabu lilivyofafanuliwa kwa Waswahili kupitia Kiingereza, ilhali pwani hii imeishi na Kiarabu kwa zaidi ya miaka 1,000, na katika miji yake mingi mtoto wa chuoni huijua alifu kabla ya kujua kitu kingine chochote kilichoandikwa. Wachapishaji wa vitabu vya shule waifute tafsiri ya "bandari ya salama" katika matoleo yajayo na mahali pake waandike Nyumba ya Amani, na walimu wasisubiri matoleo hayo.