Majivu ya tanuru la hospitali si majivu ya jikoni



Huku Kasongo na Kabambare majivu hayana jina baya. Mama anayatia kwenye bustani ya lengalenga, anasugulia sufuria, na wazee wetu walijua kupika chumvi kwa majivu ya majani. Kwa sababu hiyo hatuyaogopi majivu mengine, yale yanayotoka kwenye tanuru la kuchomea takataka za hospitali na vituo vya afya, hata vile vilivyo kwenye viwanja vya makanisa yetu.

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na tarehe 5 Oktoba chanjo ikaanzishwa Goma. Surua nayo haituachi. Kila mtoto anachomwa kwa sindano yake, kisha sindano inatupwa ndani ya sanduku la usalama. Sanduku la lita 5 linabeba sindano karibu 100. Zoni ya afya ikichanja watoto 20,000, ni masanduku 200 ya kuchoma. Mtu asichukue maneno yangu kuipinga chanjo! Utafiti uliofanywa hapa hapa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ulichapishwa mwaka 1981 katika gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, na bado unasomwa.

Lakini moto unafanya kazi nusu. Unaua vijidudu na kupunguza wingi wa takataka. Madini hauyachomi: risasi na kadimiamu zilizokuwa ndani ya plastiki, rangi na betri zinabaki kwenye majivu, tena zimekusanyika mahali pamoja. Ncha ya sindano inabaki kali. Na plastiki yenye klorini, kama mifuko mingi ya damu, ikichomwa kwa moto hafifu inazaa sumu iitwayo dioksini, ambayo sehemu yake inakaa katika masizi na majivu. Tanuru la matofali lililojengwa vizuri, lenye kuni kavu na mtu anayelijua, linaweza kupita digrii 800. Shimo la wazi lililomwagiwa mafuta ya taa halifanyi hivyo.

Jina zuri la majivu limekwisha kutumika kudanganya watu. Mwaka 1986 meli Khian Sea iliondoka Philadelphia, Marekani, na zaidi ya tani 14,000 za majivu ya takataka za mji. Nchi nyingi ziliikataa. Mwanzoni mwa 1988 ilishusha karibu tani 4,000 ufukweni Gonaïves, Haiti, kwa karatasi zilizosema ni mbolea. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla majivu hayo hayajarudishwa, na mwaka 2002 yakazikwa Pennsylvania.

Katika viwanda vikubwa, majivu mepesi yanayonaswa na vichujio vya moshi ndiyo yenye sumu zaidi. Yanatengwa, yanaoshwa au kuchanganywa na simenti, kisha yanapimwa kama maji yakipita yatatoka na sumu. Simenti haiondoi sumu, inaifunga tu ili mvua isiibebe. Sisi hatuna vipimo hivyo, lakini njia ni ile ile. Majivu yapoe, yanyunyiziwe maji kidogo yasirushe vumbi, mwenye kuyatoa avae glavu nene, buti na barakoa. Yawe na shimo lake peke yake, lenye kuta na kifuniko, angalau mita 50 kutoka kisima au chemchemi, na chini yake ibaki mita 2 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Hapo tuangalie: shimo lililochimbwa mwezi wa saba linaonekana kavu, mwezi wa tatu maji yamepanda.

Katika Mambo ya Walawi 6 kuhani mwenyewe anayatoa majivu ya madhabahu, anabadili mavazi, anayapeleka nje ya kambi mahali safi. Kazi hiyo haikuachiwa mtoto wa kufagia.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inasema anayezalisha takataka za hospitali ndiye mwenye kuzishughulikia. Basi kamati ya afya, na kanisa lenye kituo, waulize kabla kampeni haijaanza: simenti ya shimo iko kwenye bajeti ya nani? Najua mfuko mmoja wa simenti ukifika Kabambare umepita barabara gani, na bei yake inasema hivyo. Lakini dawa ya kwanza ya majivu iko kabla ya moto. Betri, vipimajoto vya zebaki na mifuko ya damu visiingie tanuruni. Betri na vipimajoto vikae kwenye chombo kilichofungwa mpaka zoni ivichukue. Mifuko ya damu ipate shimo lake lililofunikwa. Kutenga huko kunahitaji ndoo tatu na muuguzi mmoja aliyeelezwa, na kunaweza kuanza wiki hii.