Kriketi: mutoto alishika musasa, wakubwa walilipa zaidi

Mwaka 2027 Kombe la Dunia la kriketi litachezwa karibu na sisi: Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Wengi wetu hatujui sana ule muchezo. Hapa tunajua mupira wa miguu, tunajua Mazembe na Lupopo, basi. Lakini kuna jambo moja mu kriketi lenye kila mutu wa mugodi anaweza kuelewa bila kufundishwa: wakati ekipe inadanganya, nani analipa? Ni ule mwenye alikamatwa na kitu mu mukono, ao ni ule mwenye alimutuma?

Tuelezane kwanza muchezo wenyewe. Ekipe ni watu 11. Mumoja anatupa mupira, mwengine wa ekipe ingine anasimama na ubao mu mikono, anaupiga na kulinda vijiti vitatu vyenye viko nyuma yake. Mupira ni wa ngozi, muzito na mugumu, na katikati una mushono. Ukiwa mupya unang'aa pande zote. Kisha masaa mingi, wachezaji wanaendelea kupanguza upande mumoja, na ule mwengine unachakaa wenyewe. Sasa upande mumoja uko laini, ule mwengine unakwaruza: njo maana mupira unapinda mu hewa, na mwenye kupiga anashindwa kuufuata. Kupanguza na nguo ao na jasho, sheria inaruhusu. Kukwaruza na chombo ao na kucha, sheria inakataza kabisa.

Tarehe 24 Machi 2018, mu uwanja wa Newlands kule Cape Town, Australia ilikuwa inacheza na Afrika Kusini. Kamera za televizyo zilimuona kijana mumoja wa Australia, Cameron Bancroft, anasugua mupira na kitu kidogo cha rangi ya manjano. Alikuwa na miaka 25, angali mupya mu ekipe ya taifa. Alipojua kama wamemuona, alikificha ndani ya suruali. Waamuzi walimuita. Aliwaonyesha kitambaa cheusi, sawa kile cha kupanguza miwani. Waamuzi waliangalia mupira, hawakuubadilisha, muchezo ukaendelea. Uwongo wa kwanza ulipita.

Magaribi yake Bancroft alikaa mbele ya waandishi wa habari pamoja na kapiteni wake, Steve Smith. Walikubali kosa, lakini nusu tu. Walisema kile kitu kilikuwa skochi yenye ilishika muchanga. Kisha siku chache ukweli ulitoka: ilikuwa musasa, ile papye mafundi wa mbao na wa rangi za motokari wanatumikaga nayo. Na uchunguzi wa Cricket Australia, shirika lenye kuongoza kriketi ya inchi yao, ulionyesha namna mambo yalipangwa. Makamu wa kapiteni, David Warner, njo alitunga mupango na kumuonyesha kijana namna ya kusugua. Smith, kapiteni, alijua na hakukataza. Bancroft alitoa mikono yake.

Adhabu zilitoka ku milango miwili, na hapa njo kuna somo. Mulango wa kwanza ulikuwa ICC, shirika la kriketi ya dunia. ICC ilimufungia Smith mechi 1 na kumukata malipo yote ya ile mechi. Bancroft alikatwa asilimia 75 ya malipo, lakini hakufungiwa hata mechi moja. Juu ya nini adhabu ndogo vile? Juu kitabu cha sheria cha wakati ule kilihesabu kuharibu mupira kuwa kosa la katikati.  

Mulango wa pili ulikuwa Cricket Australia yenyewe. Ile iliangalia mambo matatu: amri, kazi, na uwongo wenye ulifuata. Smith na Warner walifungiwa miezi 12 kila mumoja. Bancroft miezi 9. Smith na Bancroft waliambiwa wasifikiriwe kuwa viongozi mpaka mwaka mumoja upite kisha kurudi kwao. Warner yeye aliambiwa hatakuwa kiongozi tena hata siku moja. Kwa hiyo mwenye kushika musasa alilipa, lakini wale wenye walikuwa juu yake walilipa zaidi.

Tusidanganyane: haikuwa moyo safi peke yake. Waziri mukuu wa Australia wakati ule, Malcolm Turnbull, alionyesha aibu yake mbele ya watu wote. Kampuni ya Magellan, yenye ilikuwa inatoa feza juu ya mechi za Australia, ilivunja mukataba. Wakubwa wa kriketi waliona feza inatoka kwa mulango, na jina linafuata. Hata hivi, wangeweza kumutupa kijana peke yake na kufunga dosye. Hawakufanya vile. Mukufunzi, Darren Lehmann, uchunguzi ulisema hakujua kitu, lakini aliacha kazi. Mu mwezi wa Oktoba 2018 ripoti ingine ilitoka, yenye ilisema kama shirika lenyewe lilifundisha wachezaji kutafuta ushindi bila kuhesabu bei yake. Siku chache nyuma, mwenyekiti wa shirika, David Peever, alijiuzulu. Adhabu ilianza ku mikono ya kijana, ikapanda ngazi mpaka ku kiti cha juu.

Ile habari ya mukubwa kutuma mudogo haikuanza Cape Town. Tarehe 1 Februari 1981, kule Melbourne, New Zealand ilibakiwa na mupira mumoja tu wa kupigiwa, na ilihitaji pointi 6 ili kulingana na Australia. Kapiteni wa Australia, Greg Chappell, alimuambia mudogo wake wa kuzaliwa, Trevor, abilingishe mupira chini ku majani, kusudi usiweze kupigwa mbali. Sheria ya ule muchezo haikukataza. Trevor alitii kaka yake. Australia ilishinda, na aibu yake inasemwa mpaka leo. Kisha ile siku sheria ilibadilishwa.

Mwaka 2010, mu uwanja wa Lord's kule London, ilikuwa mbaya zaidi, juu makuta iliingia ndani. Wachezaji wa Pakistan walikubali kuvuka mustari kwa makusudi, mu saa yenye ilipangwa mbele, kusudi watu wa kucheza kamari wajue. Mohammad Amir, mumoja wa wale wenye walitupa ile mipira, alikuwa na miaka 18 tu. Kapiteni wake alikuwa Salman Butt. Mu Novemba 2011 tribinali ya London iliwatia gerezani: Butt miezi 30, Mohammad Asif miezi 12, Amir miezi 6. Muzuizi aliangalia nani alikuwa mukubwa na nani alikuwa mutoto, na akapima vile.

Lakini nguvu ya mukubwa inaweza pia kutengeneza. Mwaka 2011, mu mechi ya India na Uingereza kule Nottingham, Muingereza Ian Bell alitoka ku fasi yake akifikiri wakati wa kupumzika umefika. Wahindi waliangusha vijiti, na kwa sheria Bell alikuwa ametoka. Ilikuwa haki yao. Wakati wa mapumziko, kapiteni wa India, Mahendra Singh Dhoni, aliondoa yale malalamiko, na Bell akarudi kucheza. India ilishindwa ile mechi. Mu mwaka 2020 ICC ilimupa Dhoni zawadi ya moyo wa muchezo ya miaka 10 yote. Neno moja la kapiteni linaweza kumuingiza mutoto mu aibu, na neno moja linaweza kuokoa jina la ekipe nzima.

Je, kule Cape Town haki ilifika mpaka mwisho? Hapana, si kabisa. Mwaka 2021 Bancroft aliulizwa na waandishi kama wale wenye walikuwa wanatupa ule mupira walijua. Alijibu namna ya kuonyesha kama jibu liko wazi lenyewe. Watupaji wane wa ile mechi walitoa barua pamoja, wakakana. Uchunguzi wa 2018 ulifanywa haraka sana, mu siku chache, na swali hili lilibakia mezani. Na Warner alibeba ile alama miaka zaidi ya 6: katazo lake la uongozi liliondolewa mu Oktoba 2024, wakati alikuwa amekwisha kuacha kuchezea taifa. Smith yeye alikuwa amekwisha kurudi kuongoza ekipe mara kadhaa. Kwa hiyo hata pale haki inapanda ngazi, haipandi sawasawa kwa wote.

ICC nayo ilijifunza. Mu Julai 2018 ilipandisha kosa la kuharibu mupira: sasa muchezaji anaweza kufungiwa mpaka mechi 6 za siku nyingi, ao 12 za siku moja.

Sisi wa migodi tunajua namna ingine ya kumaliza dosye. Mizani imechezewa, ao mutu ametumwa kuingia mu shimo lenye halijategemezwa, na siku mambo inaharibika, demande d'explication inaandikwa kwa jina la ule wa chini kabisa. Shefu wake anabakia shahidi. Mwenye alimuambia shefu haitwi hata. Ule wa chini hakukosa kosa, hapana: Bancroft mwenyewe aliweza kukataa na hakukataa, na alilipa miezi 9. Lakini kama uchunguzi unasimama ku mukono wenye ulishika chombo, kesho mukono mwengine utapewa kile chombo.

Wakati kombe la 2027 litafika, watoto watauliza baba na mama ule muchezo wa vijiti ni nini. Tutawaeleza mupira na mushono wake. Na kama siku moja kamera inamukamata kijana tena, tusiulize tu alifanya nini. Tuulize nani alikuwa kapiteni, na nani alimupa musasa.