Kabla ya kununua chombo cha kusomea vitabu



Kuna vikundi vinavyofikiri kutoa pesa ya mfuko ili kununua chombo kimoja cha kusomea vitabu, wanachama wakipokezana. Wazo ni zuri. Lakini dola 100 na zaidi ni mtaji wa mama mmoja sokoni, kwa hiyo tuangalie vizuri.

Kwanza kioo. Tableti inawaka kama simu, inamaliza moto kwa siku moja, na juani hausomi kitu. Chombo cha kusomea chenyewe kinatumia wino wa elektroniki: herufi zinakaa kama kwenye karatasi, na moto unatumika hasa unapogeuza ukurasa. Ukikichaji mara moja, unaweza kusoma wiki nzima na zaidi. Kwetu ambako umeme unakuja usiku wa manane na kwenda, hilo peke yake linatosha kuchagua. Kiwe pia na taa yake ya ndani, maana mama anapata nafasi ya kusoma watoto wakiisha kulala. Vingi vya zamani vinavyouzwa okazyo havina taa hiyo.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni aina ya faili. Vitabu vingi vya bure viko katika EPUB au PDF. EPUB inakubali kukuza herufi, na maneno yanajipanga upya. Hata bibi asiye na miwani anasoma. PDF iliyotengenezwa kwa karatasi kubwa, kwenye kioo cha inchi 6 inakuwa kama sisimizi. Kobo na PocketBook zinafungua EPUB moja kwa moja ukiipitisha kwa kamba ya USB. Kindle haifanyi hivyo: faili lazima igeuzwe kwanza, ama kupitia huduma ya Amazon kwenye intaneti, ama kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya Calibre. Kikundi kisicho na intaneti wala kompyuta kitahangaika.

Kamusi ya Kifaransa ndani yake tunaipenda sana: mtoto anagusa neno, maana inatokea.

Nafasi kubwa ya kuhifadhi msiilipie. GB 8 zinabeba maelfu ya vitabu vya maneno matupu. Rangi nazo ni bei bure kwa wasomaji wakubwa. Wadogo wanaopenda picha, tuwaachie vitabu vya karatasi. Ila pesa ya kifuniko kigumu msiikate hata kidogo, kioo hiki kinapasuka mtoto akikikalia.

Mkienda dukani, bebeni hadithi moja ya EPUB kwenye kompyuta ndogo ya jirani, pamoja na kamba. Mwambieni muuzaji aipitishe mbele yenu, aifungue, akuze herufi. Akikataa, rudini na pesa yenu.