Bushi zilizokufa: Hasara inayojificha chini ya gari

Na Mwandishi Wetu, Pemba

WENYE magari wengi wa Tibirinzi na mitaa mingine ya mji wa Chake Chake hupeleka gari gereji pale linapokataa kwenda. Mgongano wa chini kwa chini unaosikika gari likiingia shimoni hauhesabiwi kuwa ugonjwa, na mara nyingi hufunikwa kwa sauti ya redio.

Mgongano huo aghalabu hutoka kwenye bushi, yaani mpira uliobanwa kati ya bomba mbili za chuma, pale mkono wa gurudumu unapoungana na bodi. Mpira ukipasuka, gurudumu huanza kucheza. Usukani huyumba, tairi huliwa upande mmoja, na breki ikikanyagwa ghafla gari huvuta pembeni. Kwa Pemba, kisiwa cha vilima na mabonde, hatari hiyo si ndogo kwa gari linaloteremka likiwa limejaa abiria.

Tatizo lina mizizi yake. Magari mengi ya Zanzibar huingia yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa, na mpira huzeeka kwa joto na kwa mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini, hata kama gari halikutembea sana. Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2011, ina jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa zinazoingia. Lakini ukaguzi wa gari huonyesha hali ya siku ile tu. Hauwezi kumsemea mwenye gari miaka minne baadaye.

Kwenye daladala mambo ni magumu zaidi. Dereva anadaiwa hesabu ya kila siku na tajiri, na siku ya gereji haina hesabu. Tajiri naye haliendeshi gari, hivyo mlio hausikii. Matokeo yake hununuliwa tairi mpya, nayo huliwa kama ile ya kwanza. Huko ni kutuliza homa na kuiacha malaria.

Hata mwenye nia ya kutengeneza hukabiliwa na uamuzi mgumu dukani. Vipuri hufika Pemba kwa kuvuka bahari, na anayetaka kuokoa fedha huchukua bushi iliyong'olewa kwenye gari jingine. Kwa taa au mlango, mtumba una maana. Kwa bushi hauna, kwa sababu anachonunua ni mpira wa umri uleule wa ule anaoutupa.

Kisha kuna ufundi wenyewe. Bushi hutakiwa kusukumwa kwa mashine ya kukandamiza. Ikipigwa nyundo, bomba lake hupinda. Jambo jingine, ambalo wateja wachache hulijua, ni kwamba bolti zake hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limebeba uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa likiwa limenyanyuliwa kwa jeki, mpira hujipinda mara tu gari linaposhushwa, na huchanika kabla ya wakati wake. Fundi hulaumu kipuri, muuza duka humlaumu fundi, na mteja hulipa mara ya pili.

Anayebadilisha bushi za mikono hana budi pia kupimisha mwelekeo wa magurudumu baada ya kazi, na kuhesabu gharama hiyo kabla hajakubaliana bei na fundi.