Bustani Sio Mvua, Ni Watu

Kuna maneno hapa Korbesa yamenichosha: "Ardhi yetu ni kavu, hakuna kitu kinaweza kumea." Tumeyasema mpaka watoto wameyashika. Halafu mtu akishuka Mombasa anaingia Haller Park kule Bamburi, analipa kiingilio, anapiga picha chini ya mivinje, anaposti: "Mashallah, wenzetu wamebarikiwa."

Wamebarikiwa na nini? Tuseme ukweli. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha simiti. Udongo wote ulishaondolewa, ukabaki mwamba mtupu, jua kali na maji ya chumvi. Mwaka 1971, Mswisi anaitwa René Haller akaanza kupanda miti. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu. Mvinje ndio uliwika, kwa sababu mizizi yake inajitafutia chakula hata mahali hapana rutuba. Lakini majani yake yakarundikana chini, hayaozi. Dawa ilikuwa nini? Majongoo! Wakaletwa pale, wakala majani, kinyesi chao kikageuka udongo. Hiyo bustani unayoisifu ilijengwa na jongoo na subira.

Hata Wajapani, ambao bustani zao za kale watu wanavuka bahari kuziona, hawakupewa bure. Kōraku-en ya mji wa Okayama ilikamilika mwaka 1700, ikiwa ya mtawala. Raia walifunguliwa mwaka 1884. Mafuriko ya 1934 yakaiharibu, mabomu ya 1945 yakaichoma. Wakaijenga upya wakifuata michoro ya zamani. Yaani kila ikianguka, kuna watu walikumbuka ilivyokuwa na wakakubali kutoa jasho.

Sasa turudi nyumbani. Tuna Ewaso Ng'iro na miti yake. Tuna dadacha, ambayo maganda yake yanaokoa mbuzi wakati kiangazi kimekaza. Na tuna wazee wa dedha, ambao tangu zamani wanapanga wapi tuchunge wakati wa mvua, wapi paachwe akiba ya kiangazi, na mti upi usiguswe. Hiyo ni kazi ya mtunza bustani, ni vile tu hatujawahi kuiita hivyo.

Shida iko kwetu vijana. Mzee akimkataza mtu kuchoma makaa ya dadacha, tunacheka, ati hayo ni mambo ya kale. Gunia linauzwa leo, pesa inaisha wiki hiyo hiyo. Kivuli kilichokua tangu enzi za babu hakirudi.

Najua kuna mtu atasema njaa haingoji. Ni kweli, na aliyepoteza mifugo yake yote simlaumu. Lakini mathenge si iko? Ile tunailalamikia kila siku, inafunga njia na miiba yake inatoboa kwato. Ukiikata inachipuka tena. Anayetaka makaa achome hiyo. Anayetaka chakula cha mbuzi apunguze matawi ya dadacha, aache shina.

Na wazee wakiitisha kikao cha dedha, vijana twende tukae chini tusikilize, halafu tulinde kilichokubaliwa. Watu walipata msitu juu ya mwamba wa chumvi. Sisi tuko na udongo, tuko na mto, tuko na sheria tayari. Tunangoja nani?