Usinunue Nozeli Kabla Hujapima Waya



Leo naacha kantangaze na mbolea pembeni, naongelea gari. Kuna atakayeuliza afisa ugani anahusika vipi na injini. Anahusika, kwa sababu nyanya zikishachumwa na kupangwa kwenye matenga hazisubiri fundi. Kijana anayelima Ilula na kupeleka mzigo sokoni kwa kirikuu yake mwenyewe, ile gari ni kifaa cha shamba kama ilivyo pampu ya maji. Ikilala njiani asubuhi ya soko, hasara kubwa haiko kwenye gari, iko kwenye matenga.

Sasa kuna ugonjwa mmoja unaokula mitaji ya vijana bila sababu. Gari inamisi, inatetemeka ikiwa imesimama, mlimani na mzigo haina nguvu. Inapelekwa gereji, fundi anasikiliza kidogo, anasema, "Nozeli imekufa, leta nyingine." Nozeli inanunuliwa, inafungwa, gari inamisi vilevile. Inanunuliwa ya pili. Halafu koili. Halafu unaanza kusikia habari za kontrolo boksi, na hapo pesa ya mbegu za msimu ujao imeshaanza kuguswa.

Msimamo wangu ni huu: nozeli isinunuliwe kabla njia yake ya umeme haijapimwa, na kijana mwenye gari ya biashara anatakiwa awe na uwezo wa kusimamia upimaji huo. Sisemi uwe fundi. Nasema uwe na maltimita yako, ambayo ile ya kawaida bei yake haifiki mfuko mmoja wa mbolea, na ujue maswali matano ya kuuliza.

Nozeli unaijua tayari

Wengi wenu mna mipira ya matone shambani. Basi umeme wa nozeli si mgeni kwenu. Betri ni simtanki. Fyuzi na rilei ni koki kuu. Waya ni bomba. Nozeli ndiyo tundu la mwisho. Tofauti ni moja tu: koki ya kila nozeli haipo kabla yake, ipo baada yake.

Nozeli ya petroli ina waya mbili. Mmoja unaleta volti 12 kutoka kwenye rilei. Wa pili unakwenda kwenye kontrolo boksi. Kontrolo boksi ikitaka mafuta, inaunganisha ule waya wa pili na hasi kwa muda mfupi sana, kama milisekunde 2 hadi 4 injini ikiwa haijakanyagwa. Koili iliyo ndani ya nozeli inageuka sumaku, inanyanyua sindano, petroli inapuliza. Kisha inaachia.

Kwa hiyo vitu vinne lazima viwe hai: umeme unaokuja, koili ya nozeli, waya unaokwenda kwenye kontrolo boksi, na kontrolo boksi yenyewe. Nozeli ni kimoja kati ya vinne. Anayeikimbilia bila kupima amebahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako.

Zote au moja?

Shambani mstari mmoja wa matone ukikauka, hufungui pampu. Unaenda kwenye ule mstari. Shamba zima likikauka, husafishi tundu mojamoja. Unaenda kwenye pampu na koki kuu. Fanya hivyo hivyo kwenye injini.

Kama nozeli zote hazifanyi kazi, tafuta kinachowahusu wote: fyuzi, rilei, erthi kuu, au sensa ya kranki inayoiambia kontrolo boksi kwamba injini inazunguka. Kama ni moja tu, tafuta vya kwake: soketi yake, waya wake, koili yake.

Kirikuu ya Suzuki Carry ya cc 660 ina silinda tatu. Moja ikifa, theluthi ya nguvu imeondoka. Ndiyo maana ikiwa tupu inajikongoja, ukipakia inagoma.

Kuijua iliyokufa ni rahisi. Injini ikiwa inaunguruma, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Silinda nzima ukiichomolea, injini inashuka palepale. Ukichomoa na injini isibadilike, hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Lakini usiilaumu nozeli bado, maana plagi mbovu au koili ya moto iliyokufa inatoa dalili hiyohiyo. Zima gari, badilishana plagi na koili na silinda ya jirani, uone kama ugonjwa unahama.

Na ukisomewa namba na mashine, soma vizuri. P0302 inasema silinda ya pili inamisi, haisemi kwa nini. P0202 inasema njia ya umeme ya nozeli ya silinda ya pili ina kasoro. Njia, siyo nozeli. Nimeona vijana wakinunua nozeli kwa sababu ya P0202 wakati ile namba ilikuwa inawaambia wakague waya.

Vipimo vitano

Cha kwanza, sikiliza. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli, sikio kwenye mpini. Nzima inagonga tik-tik-tik. Kama inagonga, umeme unafika na sindano inacheza. Hapo fikiria uchafu ndani ya nozeli, plagi au kompresheni. Kama iko kimya, endelea.

Cha pili, pima nozeli yenyewe. Zima gari, chomoa soketi, weka maltimita kwenye omu. Nozeli nyingi za magari madogo ya petroli zinasoma kati ya omu 11 na 18. Zipo za aina nyingine zinazosoma omu 2 au 3, kwa hiyo cha muhimu ni kulinganisha. Kama zote tatu zinasoma 13, ile unayoilaumu koili yake haina kosa. Kama mbili zinasoma 13 na moja haisomi kitu, koili imekatika, kanunue kwa amani. Rudia injini ikiwa ya moto, maana koili nyingine zinakatika zikipata joto tu.

Cha tatu, pima umeme unaokuja. Soketi ikiwa imechomolewa na swichi imewashwa, tafuta volti 12 kwenye pini moja. Magari mengine hutoa umeme huo pale tu injini inapozungushwa, hivyo mwambie mwenzako apige stata. Hapa maltimita inaweza kukudanganya. Bomba lililoziba nusu, ukifunga mwisho wake, geji ya presha inasoma vizuri kabisa. Ukifungua, maji yanachuruzika. Kiungo cha waya kilichooza nacho ni hivyo. Kama kina omu 12 na nozeli ina omu 12, maltimita kwenye soketi tupu itasoma volti 12, lakini nozeli ikianza kazi inapata volti 6 tu. Kwa hiyo baada ya maltimita, chukua balbu ndogo ya wati 5, unganisha ile pini na bodi. Iwake kama inavyowaka moja kwa moja kwenye betri. Ikiwaka kwa unyonge, kuna mahali pamekula kutu.

Cha nne, pima amri ya kontrolo boksi. Kuna kitaa cha LED kilichotengenezwa kwa kazi hii, kinachomekwa kwenye soketi mahali pa nozeli. Piga stata. Kinatakiwa kipepese. Usitumie balbu kubwa hapa, unaweza kuunguza kontrolo boksi nzima. Kisipowaka kabisa na umeme unaokuja ni mzuri, kosa liko mbele, kwenye waya au kontrolo boksi. Kikiwaka bila kupepesa, mara nyingi waya umechubuka na unagusa bodi. Hiyo ni hatari. Ina maana nozeli inakaa wazi muda wote swichi ikiwa imewashwa, petroli inajaa silinda na kuosha oili. Chomoa dipstiki unuse. Ikinuka petroli, usiiwashe tena mpaka waya utengenezwe na oili ibadilishwe.

Cha tano, pima waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Toa hasi ya betri kwanza, chomoa soketi ya kontrolo boksi, kisha pima ule waya mmoja. Usome chini ya omu 1, na uutikisetikise huku unaangalia namba. Namba ikirukaruka, umepata. Kisha pima kati ya waya na bodi: isisome kitu. Mpaka hapo pawe pazuri, ndipo mtu aruhusiwe kutaja kontrolo boksi.

Shamba linavyoua waya

Magari yetu hayaishi maisha ya mjini. Yanalala karibu na stoo ya mahindi, panya wanapanda na kutafuna waya. Yanabeba mbolea inayomwagika, ikikutana na unyevu inakula chuma na pini za soketi. Yanabeba samadi ya kuku, na amonia yake inashambulia shaba. Kisha tunayaosha injini kwa mashine ya presha, maji yanaingia kwenye soketi na kukaa.

Kuna kijana mmoja namfahamu, gari yake ilikuwa inamisi ikiwa na mzigo tu, tena kwenye njia mbovu. Alishanunua nozeli mbili. Tulipotikisa waya huku maltimita inasoma, namba ikapotea. Waya ulikuwa unasuguana na kibano cha chuma, umebaki nyuzi chache ndani ya ganda. Matengenezo yalikuwa kipande cha waya, risasi ya kuchomelea na mpira wa kuvika kwenye kiungo. Nozeli zake mbili za zamani zilipopimwa, zilikuwa nzima.

Lipeni upimaji

Kuna mtu ataniambia kila mtu abaki na kazi yake, mkulima alime na fundi atengeneze. Nakubali nusu. Lakini mafundi nao wana hoja, na nimewasikiliza. Wanasema mteja hataki kulipia kupima, anataka kuona kifaa kipya mkononi. Fundi akikaa saa nzima na maltimita akagundua waya, mteja analalamika kwamba ametozwa hela kwa kuunga waya. Akibadilisha nozeli kwa dakika ishirini, analipwa bila maneno. Sasa mnategemea achague lipi?

Ni tabia ileile ya kununua mifuko ya mbolea kila msimu huku tukiona gharama ya kupima udongo ni pesa ya kutupa. Tunalipia dawa, hatulipii kujua ugonjwa.

Kwa hiyo kubaliana na fundi kabla hajashika spana. Mpe hela ya kupima, hata kama hakuna kifaa kitakachobadilishwa. Mwombe aandike alichosoma: omu ngapi, volti ngapi, silinda ipi. Akisema kifaa kimekufa, akuonyeshe kipimo, na kifaa cha zamani ukichukue wewe. Fundi mzuri atafurahi kupata mteja wa namna hiyo. Asiyetaka kupima, mshukuru na uondoke.

Mipaka ipo. Haya yote ni ya injini za petroli za kawaida. Dizeli za kisasa za komoni reli nozeli zake huendeshwa kwa zaidi ya volti 60 na presha ya mafuta inayopita bar 1,000. Hapo usichomoe kitu injini ikiwa inawaka, mwachie mwenye vifaa na mafunzo. Na hata kwenye petroli, usifungue bomba la mafuta bila kutoa presha, na sigara ikae mbali.

Wiki hii, gari ikiwa bado nzima, pima omu za nozeli zako zote uziandike kwenye daftari la shamba, ukurasa mmoja na tarehe ya kupanda na ya kupulizia dawa. Siku itakapoanza kumisi utakuwa na cha kulinganisha, na fundi atajua anaongea na mtu mwenye namba.